Mwamuzi kalikataa gongo la binti yangu dakika kumi kabla ya mechi. Huwa wanaangalia nini hasa?

#1 BabaZuhura
Wakuu, habari za jioni. Tupo Minnesota mwaka wa sita sasa. Binti yangu mkubwa ana miaka 15, anacheza softiboli (ndugu yake besiboli) timu ya shule, nafasi yake ni kulinda besi ya tatu, yaani kituo cha tatu cha kukimbilia. Jumamosi tumeamka saa kumi na moja alfajiri, baridi bado inauma ingawa ni majira ya kuchipua, tukaendesha saa mbili hadi uwanjani.

Kufika, mwamuzi akataka magongo yote ya timu yaegemezwe kwenye uzio. Akayapitia moja moja. La Zuhura akalishika, akalitikisa karibu na sikio, akapitisha ukucha kwenye lile tumbo nene, akajaribu kuzungusha kifuniko cha kichwani. Akaliweka chini. Akalirudia tena. Kisha akamkabidhi kocha, akasema hili leo lisionekane hata kwenye benchi. Maelezo hakutoa.

Gongo lenyewe ni la kompositi, yaani nyuzi zilizogandishwa kwa gundi, sio mti wala alumini. Nilimuuzia mtu mashine yangu ya majani, hela hiyo nikanunulia gongo lililotumika msimu mmoja, dola 180. Jipya ni zaidi ya 350. Nembo zipo, mbili, moja imechubuka kidogo. Binti kapiga na gongo la mwenzake, zito kwake, zamu tatu na hakufika hata besi ya kwanza. Njiani kurudi hakusema neno, kaegemea dirisha tu.

Naomba wanaojua: wanatafuta nini? Nimeuziwa gongo bovu, au mwamuzi kakosea?

#2 Ngosha_Mwanza
Nimefungua uzi mbio nikajua mmekamatwa na ile gongo ya kwenye dumu. Kumbe la mpira. Nakaa hapa nijifunze.

#3 MamaKoku
Ngosha punguza utani, mtoto wa mwenzio kaumia.

BabaZuhura pole sana. Mimi pia niko huku Minnesota, wangu amemaliza shule mwaka jana. Anza na nembo. Kwa mechi za sekondari nembo zinazokubalika ni pamoja na ya ASA ya 2004 na ile mpya ya USA Softball ya michezo yote. Chama ni kilekile cha softiboli cha Marekani, kilikuwa kinaitwa ASA, wakabadili jina mwaka 2017. Lako lina ipi?

#4 BabaZuhura
Asante mama. Moja imeandikwa ASA 2004, hiyo ndiyo iliyochubuka, ila inasomeka. Nyingine ina alama ya dole gumba na maneno 1.20 BPF.

#5 MamaKoku
Ya dole gumba ni ya USSSA, chama kingine, na BPF ni kipimo chao cha jinsi gongo linavyorusha mpira. Hiyo peke yake sina hakika kama ingekusaidia shuleni. Lakini kama ya 2004 inasomeka, nembo sio tatizo.

#6 MzeeWaPete
Nachezesha softiboli hapa Houston, wasichana wa shule na ligi za watu wazima za jioni, mwaka wa kumi na moja huu. Siwezi kumsemea mwenzangu aliyekuwa uwanjani, ila nitakwambia ninachofanya mimi nikifika kwenye uzio.

Magongo yote yatoke mikobani, kifundo juu. Naanzia kwenye kifundo, kile kivimbe cha mwisho wa mshikio: kimeshika? Kikilegea, gongo linaweza kuchomoka mkononi likamfuata mtu. Napanda kwenye mshikio, raba au utepe wake usipungue inchi 10 wala usipande kupita inchi 15 kutoka chini. Nasoma nembo. Urefu usizidi inchi 34, uzito usizidi aunsi 38, na haya yanaandikwa kwenye gongo lenyewe kwa hiyo ni kusoma tu.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Nalilaza gongo upande wa jua nalizungusha taratibu. Ufa wa kompositi ukiutazama usoni huuoni. Unauona mwanga unapoteleza juu ya rangi halafu ghafla ukakatika. Hapo napitisha ukucha. Ukucha ukiteleza, ni rangi tu imepasuka, kama utando wa buibui, na magongo mengi ya kompositi yanakuwa hivyo. Ukucha ukinasa, ni ufa. Nikitaka uhakika nakandamiza pale kwa madole gumba mawili huku nimelisogeza sikioni. Gongo zima linakaa kimya. Lililokufa linalia, kama mtu kakanyaga kijiti kikavu.

Kisha kifuniko cha kichwani. Nakishika kwa kiganja chote nakizungusha. Kikicheza, halichezi hilo. Naangalia ukingoni kama kuna mikwaruzo ya bisibisi au gundi iliyofurika. Halafu nalitikisa. Kitu kikigonga ndani, linatoka, kanuni inasema wazi gongo lisiwe na kinachocheza ndani. Mwisho pete.

Gongo moja halinichukui nusu dakika. Mwamuzi akilirudia mara mbili, jua amesikia au ameona kitu.

#7 Ngosha_Mwanza
Pete ndiyo nini tena hapo?

#8 MzeeWaPete
Pete ya chuma au plastiki ngumu. Gongo la softiboli halitakiwi kuzidi inchi 2 na robo pale lilipo nene zaidi. Unaivisha pete kichwani, unaishusha hadi shingoni. La alumini likipigwa sana linabonyea upande mmoja na kuvimba upande wa pili, pete inakwama. Likikwama limekwisha, hata kama limenunuliwa jana.

#9 Mkale_Kisumu
Umenikumbusha mbali! Sisi tulicheza chuoni Kenya, magongo ya alumini manne timu nzima, na pete hatukuwa nayo. Kocha wetu akaenda kwa fundi wa jua kali akamchorea mduara, akakatiwa pete ya bati zito. Siku ya kwanza kuitumia magongo matatu yakakwama. Tulimwangalia yule fundi kama adui. Tulicheza wasichana kumi kwa gongo moja, mtu akitoka kupiga anamkimbizia mwenzake.

#10 DadaRefa_Ohio
MzeeWaPete nakuheshimu, ila hapo kwenye mbonyeo umepita haraka. Sio suala la pete peke yake. Kanuni inataka gongo lisiwe na nyufa, mbonyeo, ncha kali wala kinacholia ndani. Wapo waamuzi wanaosema pete ikipita, mbonyeo mdogo sio neno. Wapo wanaolitoa pete ipite isipite. Mimi niko kundi la pili, kwa sababu mbonyeo wa leo ni ufa wa kesho.

#11 MzeeWaPete
Sawa dada, nakubali nimefupisha. Kwa wasichana wadogo mimi naachia pete iamue. Lakini lake ni kompositi, kompositi haibonyei kama alumini, inapasuka. Kwa hiyo hilo sio jibu lake.

#12 Kijana_Ubungo
Mimi nacheza na wenzangu wa kazini huku Ohio, ule mchezo wa mpira wa kurushwa polepole. BabaZuhura, gongo la mtumba usinunue bila kujua historia yake! Kwetu kuna mchezo mchafu sana. Watu wanayapitisha magongo kwenye roli mbili kama za kukamua miwa, linabanwa na kuzungushwa hadi nyuzi za ndani zinalegea, mpira unaruka kama umechomwa. Ukilitazama huoni chochote. Ndiyo maana mashindano makubwa ya watu wazima wanaweka mashine. Unapanga foleni asubuhi na gongo lako, linabanwa tumboni kidogo, mashine inasoma lilivyokaza kwa paundi. Likisoma chini ya 220 halichezi. Likifaulu linabandikwa stika ya siku hiyo.

#13 Ngosha_Mwanza
Sasa gongo likiwa laini si ndiyo mpira haufiki mbali? Mimi nilijua gumu ndilo linalopiga.

#14 TichaFizikia_Moro
Ngosha, swali zuri, na wengi wanakosea hapo. Fikiria kitanda cha mbao kitupu na kitanda cha kamba. Ukidondosha mpira kwenye mbao, mbao haibonyei, mpira ndio unaobonyea, na mpira ukibonyea unapoteza nguvu nyingi kwa joto ndani yake. Kwenye kitanda cha kamba, kamba ndizo zinazobonyea kisha zinaurudishia mpira nguvu karibu yote. Gongo la mti ni kitanda cha mbao. Gongo lenye uwazi ndani, ukuta wake mwembamba, ni kitanda cha kamba. Kadiri ukuta unavyolegea bila kuvunjika, ndivyo mpira unavyotoka kwa kasi.

Kwa hiyo ile mashine ya Kijana_Ubungo haipimi kasi. Inapima ukaze wa kamba, halafu kasi inakisiwa kutokana na ukaze huo.

#15 Ngosha_Mwanza
Kitanda cha kamba nimekielewa ticha. Bibi yangu alikuwa nacho, tulikikalia wanne kikatutupa.

#16 FundiKerezo
Nongeze la upande wangu, nimefanya kazi ya kukereza vyuma miaka ishirini, Arusha kisha Columbus. Kuna kitu kibaya kuliko roli. Wanatoa kifuniko, wanalifunga gongo kwenye mashine ya kukereza, wanakwangua ukuta kwa ndani. Ukuta unakuwa mwembamba, gongo linakuwa jepesi. Ili lisijulikane kwa uzito, wanarudisha uzito kwenye kifuniko wanapokigandisha. Nililetewa moja karakana, kijana anataka nimkwangulie kama unywele tu. Nilikataa. Nilimuuliza mrushaji wa timu pinzani, yule anayesimama mbele ya mpigaji kumrushia mpira, ana watoto wangapi, akachukua gongo lake akaondoka.

Ndiyo maana mwamuzi anahangaika na kifuniko. Huo ndio mlango. Ukuta wa ndani hawezi kuuona akiwa uwanjani, mlango anauona.

#17 MamaKoku
Fundi umesema neno. Tunaona mwamuzi kama mtu wa kutunyang'anya. BabaZuhura, binti yako anakaa besi ya tatu. Akitegemea mpira wa kuguswa polepole anasogea mbele karibu na mpigaji. Mpigaji wa upande ule akiwa na gongo lililokwanguliwa, anayesimama mbele yake ni Zuhura. Wangu alipigwa shavuni akiwa mrushaji, tangu siku hiyo hajacheza bila kinga ya uso, na mimi nilikaa hospitali usiku kucha nikimhesabia pumzi.

#18 TichaFizikia_Moro
Pole mama. Hesabu inakuunga mkono. Mrushaji wa wasichana anarusha kutoka futi 43, kama mita 13. Gongo likiutoa mpira kwa maili 98 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya mwisho inayoruhusiwa na USA Softball, mpira unamfikia kwa sehemu tatu za kumi za sekunde. Na hapo sijahesabu hatua yake ya kurushia, inayomsogeza mbele zaidi.

#19 DadaRefa_Ohio
Ticha, marekebisho kidogo watu wasije wakaogopa. Hiyo 98 ni kipimo cha maabara. Gongo linafungwa, mpira unafyatuliwa na mzinga kulipiga, kisha wanakokotoa. Chuo Kikuu cha Washington State kule Pullman wana maabara ya kazi hiyo. Msichana wa miaka 15 hafikishi 98 kila anapopiga. Ni dari, sio wastani.

#20 TichaFizikia_Moro
Nimepokea. Hata hivyo dari ikipanda, kila kilicho chini yake kinapanda.

#21 Mtemi_Dar
Jamani mnazungumza mashine za paundi. Mimi nimefundisha wasichana softiboli hapa Dar. Magongo yetu mengi ni msaada wa Japani, yana nembo ya JSA, chama cha softiboli cha Wajapani, na namba 3 inayoonyesha ni ya mpira gani. Mpira wao ni wa raba, sio ule wa ngozi wa Marekani. Nikitazama nembo hizo za 2004 mnazotaja, hakuna gongo langu hata moja lenye hiyo nembo. Ina maana magongo yangu yote ni haramu?

#22 DadaRefa_Ohio
Kwa Mtemi: haramu kwa mashindano gani? Gongo linaruhusiwa au kukataliwa na mwenye mashindano. La JSA ni halali kabisa kwa michezo ya JSA. Mechi za kimataifa ziko chini ya WBSC, shirikisho la dunia la besiboli na softiboli, nao wana orodha yao. Ukilileta kwenye sekondari ya BabaZuhura linakataliwa hata kama ni jipya na zima. Ndiyo maana mimi sipendi kumwambia mtoto "gongo lako baya". Nasema halichezi hapa.

#23 Mtemi_Dar
Hapo nimepumua. Sisi ukaguzi wetu ni macho, ukucha na kutikisa. Sasa kumbe ndio huohuo wa Houston.

#24 Mgosi_Tanga
Kwenye besiboli kuna yule mchezaji Sammy Sosa wa Chicago aliwekewa kizibo cha chupa ndani ya gongo, akafungiwa mwaka mzima.

#25 MzeeWaPete
Hapana mkuu, umechanganya. Ilikuwa 3 Juni 2003, gongo lilipasuka akipiga na waamuzi wakaona gome la kizibo ndani. Alifungiwa mechi 8, akakata rufaa zikawa 7. Alisema ni gongo la mazoezi alichukua kwa bahati mbaya. Wakakusanya magongo yake mengine 76 wakayapiga eksirei, yote yakaonekana safi. Lile lilikuwa la mti, sio kompositi. Kulitoboa na kujaza gome kunalifanya jepesi, halifanyi mpira uende mbali kama watu wanavyodhani.

#26 Ngosha_Mwanza
Magongo 76 eksirei! Huku kwetu mtu unavunjika mkono unaambiwa filamu zimeisha. Lakini swali langu, si Zuhura anunuliwe la mti tu yaishe?

#27 MamaKoku
La mti linaruhusiwa, ila ni zito na halina hicho kitanda cha kamba cha ticha. Atakuwa anapambana na wenzake wenye vitanda vya kamba halali. Sio haki kwake.

#28 Mkale_Kisumu
Nimesoma sehemu kwamba mchezo wenyewe ulizaliwa Chicago mwaka 1887, ndani ya ukumbi, kwa glovu ya ndondi iliyofungwa kamba na mpini wa ufagio. Mpini wa ufagio nani angeukagua?

#29 Kijana_Ubungo
Narudi kwa BabaZuhura. Umesema baridi ilikuwa inauma. Je, binti alipasha moto kwa gongo lake kabla ya ukaguzi? Watengenezaji wengi wa kompositi wanaonya lisitumike chini ya nyuzi 60 za Fahrenheit, kama 16 zetu. Baridi inaifanya kompositi kuwa ngumu na nyepesi kupasuka. Inawezekana lilipasuka asubuhi hiyohiyo na muuzaji hana kosa.

#30 BabaZuhura
Duh. Alipasha moto, ndiyo. Alipiga mipira ya mazoezi kama ishirini nyuma ya uzio. Simu ilionyesha nyuzi 43, sawa na 6. Hakuna aliyewahi kutuambia habari ya baridi.

#31 MzeeWaPete
Basi hapo Kijana ana hoja. Mimi nasema ufa wa baridi.

#32 FundiKerezo
Mimi bado nasema kifuniko. Mwamuzi alikizungusha, akalirudia. Ufa ungemtosha mara ya kwanza.

#33 DadaRefa_Ohio
Na mimi nasema mmesahau orodha. Kuna magongo yaliyopewa nembo ya 2004 kihalali, baadaye yakapimwa tena yakazidi, yakaingizwa kwenye orodha ya yasiyokubalika. Nembo haifutiki kwenye gongo, kwa hiyo mzazi anaona nembo anaridhika. Huwa natembea na orodha kwenye simu. Mwamuzi aliyelirudia mara ya pili huenda alikuwa anasoma jina la toleo. BabaZuhura, tafuta jina kamili na namba ya toleo, lilinganishe na orodha kwenye tovuti ya USA Softball.

#34 Kijana_Ubungo
Hata hilo la roli msilitupe. Mtumba wa dola 180 kutoka 350 baada ya msimu mmoja? Mtu aliyelipenda gongo lake halitoi hivyo.

#35 MamaKoku
Watoto wanakua, Kijana. Wangu alibadilisha urefu mara tatu ndani ya miaka minne. Bei hiyo ni ya kawaida kabisa.

#36 Kijana_Ubungo
Sawa mama. Ila nitoe mfano wa mashine, mjue hata yenyewe sio neno la mwisho. Mwaka jana mwezi wa saba rafiki yangu gongo lake lilifaulu asubuhi. Akaliacha kwenye buti la gari, jua la Ohio linachoma. Saa tisa wakapima tena kabla ya fainali, likasoma 215. Tukabishana pale hadi tukachoka. Yeye anasema ni joto, kompositi inalainika. Mpimaji anasema ni kulitumia mechi nne mfululizo. Wapinzani wakasema kuna mtu kalichezea mchana. Lilitolewa, na mpaka leo kila mtu ana jibu lake.

#37 TichaFizikia_Moro
Joto linaweza kufanya hivyo, na matumizi pia yanaweza. Kompositi inalegea yenyewe inavyopigwa, ndiyo maana watu wanasema gongo "limekomaa". Kwa kipimo kimoja huwezi kutenganisha hayo mawili. Ungetakiwa kuliacha lipoe na kulipima tena.

#38 Kijana_Ubungo
Hawakutupa nafasi hiyo.

#39 Mgosi_Tanga
Na mtu akikamatwa na gongo la kuchezewa katikati ya mechi inakuwaje?

#40 DadaRefa_Ohio
Kwa kanuni za USA Softball, akishaingia kwenye boksi la kupigia na gongo lisiloruhusiwa, ametoka, yaani zamu yake ya kupiga imeisha. Kama limechezewa, yaani limebadilishwa umbo lake, ametoka na anafukuzwa mchezoni. Kwa hiyo mwamuzi anayelikataa kwenye uzio anamwokoa mtoto. Zuhura alicheza mechi yake. Angelikamatwa nalo ndani, likaonekana limechezewa, angekaa jukwaani na wewe.

#41 BabaZuhura
Nimesoma yote, mwenzangu naye kasoma. Asanteni sana, hili la kumwokoa mtoto sikuliona hivyo.

Majibu ya kazi mlizonipa. Orodha: nimelitafuta jina la toleo, halimo. Pete: kocha katuazima, imeshuka hadi shingoni bila kukwama. Jana usiku tumelilaza mezani chini ya taa, mimi na Zuhura, tukazima taa nyingine kama alivyosema MzeeWaPete. Karibu na kichwa, vidole viwili chini ya kifuniko, mwanga unakatika. Ni mstari mfupi, haufiki urefu wa punje ya mchele. Ukucha wangu unateleza, wa Zuhura unanasa. Tumebishana.

Na linalia. Ukilitikisa kwa nguvu husikii kitu. Ukiliinamisha pole pole, kitu kidogo kinateremka ndani, kama punje ya kunde kwenye chupa. Muuzaji nimempigia mara nne, hapokei.

#42 MzeeWaPete
Weka picha ya huo mstari, mwanga utokee pembeni. Ukucha wa binti ni mwembamba kuliko wako, namwamini yeye.

#43 DadaRefa_Ohio
Kinacholia kinatosha kulikataa, ufa uwepo usiwepo. Mara nyingi ni tone la gundi ya kiwandani limekauka likadondoka. Sio lazima pawe na hila.

#44 FundiKerezo
Au ni gundi ya mtu aliyefungua akafunga. BabaZuhura angalia mzunguko wa kifuniko, gundi ya rangi mbili?

#45 BabaZuhura
Zuhura anauliza kama anaweza kukibandua kifuniko aone kinacholia, akitoe, kisha akirudishe.

#46 MzeeWaPete
ASIGUSE! Likifunguliwa tu linahesabika limechezewa, hata kama mmetoa vumbi.

#47 FundiKerezo
Asikifungue kabisa. Kama mna dai kwa muuzaji au kiwanda, mnalipoteza hapohapo.

#48 DadaRefa_Ohio
Naunga mkono. Liache lilivyo.

#49 BabaZuhura
Nimechelewa. Nimeshuka jikoni nimekuta kifuniko kiko mezani. Kimetoka kwa kisu cha siagi. Kilichokuwa kinalia ni tone la gundi gumu, rangi ya asali. Nimemulika ndani kwa simu. Ukutani kuna mistari ya duara, mingi, imepangana toka mdomoni kwenda ndani hadi mwanga unapoishia, kama mistari ya sahani ya santuri.

#50 Kijana_Ubungo
Nilisema!

#51 FundiKerezo
Kifuniko cha kiwandani hakitoki kwa kisu cha siagi. Na mistari hiyo naijua, ndiyo kazi yangu. Lakini nitume picha kwanza, kwa sababu kuna kompositi zinazoviringishwa kwenye nguzo wakati wa kutengenezwa na zinabaki na alama zinazofanana. Ukipitisha kidole, ni mikali au ni laini?

#52 MzeeWaPete
Fundi, mimi nimeona vifuniko vya kiwandani vikiachia vyenyewe kwenye jua la Houston. Kisu cha siagi sio ushahidi.

#53 BabaZuhura
Kidole changu hakiingii mbali. Cha Zuhura kinaingia. Anasema mahali pengine mikali, mahali pengine laini. Amekaa kimya tena, anajilaumu kwa kulifungua. Nimemwambia lilikuwa limeshakataliwa, hajaharibu kitu.

#54 MamaKoku
Ana mechi lini?

#55 BabaZuhura
Alhamisi saa kumi jioni.

#56 MamaKoku
Gongo la wangu liko kabatini tangu amalize shule. Inchi 33, aunsi 23, nembo ya michezo yote inasomeka vizuri, tulilinunua dukani jipya na risiti ninayo. Nimekutumia namba kwenye ujumbe wa siri. Jumatano naweza kulileta. Mwambie Zuhura aje alitikise mwenyewe kabla hajalichukua.